Ubora wa Sarafu ni Mteremko, Bei Yake ni Ngazi

Chukua dola mbili za Morgan, yaani dola za fedha za zamani za Marekani, za mwaka mmoja na kiwanda kimoja, moja ina lebo ya MS64, nyingine MS65 (MS ni sarafu isiyowahi kutumika, na namba ni gredi yake ya ubora). Zitoe kwenye makasha yao, zichanganye mezani, halafu umwambie mjuzi wa sarafu akuonyeshe ipi ni ipi. Atazigeuzageuza chini ya taa, na mara nyingi atasita. Zikirudishwa kwenye kampuni ileile iliyozipa namba hizo, si ajabu zikatoka zimebadilishana nafasi. Ila ukienda kuzinunua, ya 65 inaweza kukutoka mara mbili ya ya 64, na kwa miaka ambayo sarafu safi ni adimu, mara tano au zaidi.

Hapo ndipo pesa nyingi za wakusanyaji hupotelea. Sarafu huchakaa kidogo kidogo, kama ngazi ya mlango inavyolika kwa nyayo, na hakuna siku moja unayoweza kusema leo imetoka gredi hii imeingia ile. Bei haiendi hivyo. Bei hukaa tambarare, kisha hupanda ghafla kama ukuta, na kuta ndefu kuliko zote zimejengwa palepale macho ya binadamu yanapotofautiana zaidi. Anayenunua bila kujua kuta hizo ziko wapi analipia karatasi ya lebo.

Namba zenyewe zilizaliwa kwa ajili ya bei. Mwaka 1949 William Sheldon alichapisha mfumo wa kupanga senti kubwa za shaba za Marekani za miaka ya mwanzo, akitumia namba 1 hadi 70. Namba 1 ilikuwa sarafu iliyosagika ikabaki kutambulika tu, na 70 ilikuwa kamili, na hesabu yake ilikuwa nyepesi: ya 70 iuzwe mara 70 ya ya 1. Uwiano huo haukudumu, soko liliuacha nyuma, lakini namba zikabaki na zikasambaa kwenye sarafu za aina zote. (Sheldon huyohuyo ilikuja kubainika kwamba alichukua senti bora kutoka hazina ya American Numismatic Society, chama cha wataalamu wa sarafu, na kuweka zake za gredi ya chini mahali pake. Thamani ya tofauti ya gredi aliijua vizuri.) Kampuni za kupima gredi, PCGS, ilipoanza mwaka 1986, na NGC mwaka 1987, sarafu zikaanza kufungwa kwenye makasha ya plastiki yenye namba ya gredi, na biashara ikabadilika: watu wakaweza kununuliana sarafu bila kuonana wala kuiona.

Ukiutazama mfumo huo kwa karibu utaona haukugawanywa sawasawa. Sarafu iliyopita mikononi mwa watu ina vituo vyenye nafasi kati yake: G4, VG8, F12, VF20, VF30, EF40, AU50, AU58 na vichache vya katikati (G ni iliyochakaa sana, AU ni iliyoguswa kidogo tu). Tofauti ya VF20 na EF40 mtu anaiona kwa macho matupu. Lakini sarafu isiyowahi kutumika ina namba 11, kuanzia 60 hadi 70, na zote zinahusu kitu ambacho hakijachakaa hata kidogo. Kinachopimwa hapo ni mikwaruzo midogo, mng'ao, jinsi ilivyogongwa, na mvuto wa jumla, neno ambalo kila mtu analitafsiri anavyojua. Tuondoe pia kosa moja la kila siku: prufu si gredi. Ni namna ya kutengeneza, kwa mihuri (vyuma vinavyogonga michoro kwenye sarafu) iliyosuguliwa, na sarafu hugongwa zaidi ya mara moja, na prufu iliyochezewa mfukoni inaweza kuwa na namba 50.

Sasa mng'ao, maana ndiyo nusu ya kazi. Metali inapobanwa kati ya mihuri miwili hutiririka kutoka katikati kwenda ukingoni na kuacha mistari myembamba sana isiyoonekana kwa jicho. Mistari hiyo ndiyo inayorudisha mwanga. Shika sarafu kwa ukingo, vidole visiguse uso, juu ya kitambaa laini ili ikianguka isiumie. Tumia taa moja tu; mwanga uliotawanyika wa dirishani huficha mambo. Izungushe taratibu huku ukiinamisha, na utaona mikanda miwili ya mwanga ikizunguka uso mzima kama mikono ya feni. Mikanda ikipita bila kukatika, sarafu haijaguswa. Ikikatika mahali palipoinuka, na pale pakabaki na doa la kijivu lililokufa ambalo halisogei hata ukiinamisha vipi, hapo pamelika, na sarafu ni AU, hata kama sehemu nyingine zote zinawaka.

Kwenye dola ya Morgan sehemu za kuangalia ni nywele zilizo juu ya sikio na kifua cha tai. Na hapo ndipo penye mtego wake. Dola nyingi zilizotoka kiwanda cha New Orleans, zenye herufi O nyuma, ziligongwa kwa nguvu ndogo. Nywele hazikujaa na kifua cha tai kimekuwa bapa tangu siku ya kwanza. Anayejifunza kwa picha atasema imechakaa. Muuzaji mjanja naye atageuza hoja, aichukue sarafu iliyolika kweli akuambie "hii haikugongwa vizuri tu." Mwamuzi ni mwanga. Palipogongwa kwa udhaifu, mkanda wa mwanga hupita juu ya ubapa bila kukatika, na chini ya lenzi ya kukuza mara 5 hadi 10 mara nyingi utaona vidonda vidogo vya kipande cha metali kabla hakijagongwa, ambavyo mhuri haukuvifikia. Palipolika pamekuwa laini na pamepoteza mng'ao. Ukishalifahamu hili, sarafu za O zinaanza kukulipa, kwa kuwa wengi huziogopa bila sababu.

Alama za kugongana ni suala jingine. Dola hizi zilihifadhiwa kwenye mifuko ya sarafu 1,000, kila moja ina uzito wa gramu 26.73, kwa hiyo zilipigana. Alama moja kwenye nywele haionekani. Alama hiyohiyo katikati ya shavu lililo wazi inakaa kama kovu usoni. Mara nyingi tofauti kati ya 64 na 65 ni hiyo tu: mahali alama ilipoangukia. Kwa maoni yetu hili ndilo jambo la kuangalia kwanza kwenye picha za mnada, kabla ya kusoma lebo, na ukiweza funika lebo kwa kidole.

Kabla ya kufika kwenye namba hizo, kuna swali linalostahili kutangulia na watu huliacha la mwisho: je, sarafu imesafishwa? Usafishaji umeharibu thamani ya sarafu nyingi kuliko uchakavu. Mtu anarithi sarafu nyeusi, anaisugua na dawa ya meno au unga wa magadi, inang'aa, anafurahi. Alichofanya ni kuifuta ile mistari ya metali, na haiwezi kurudi. Dalili zake ni mikwaruzo ya unywele iliyokwenda upande mmoja kwenye uwanda, yaani sehemu tupu isiyo na michoro, inayokatika inapofika kwenye herufi na kuendelea upande wa pili. Uso mweupe wenye weusi uliojificha kuzunguka herufi ambako kitambaa hakikufika. Na mng'ao unaomulika kwa pamoja kama kioo badala ya kuzunguka. Iliyochovywa kwenye dawa ya asidi haina mikwaruzo, ila ikichovywa mara nyingi inabaki nyeupe isiyo na uhai. Kampuni za gredi huirudisha sarafu iliyosuguliwa bila namba, imeandikwa tu kiwango cha michoro yake na kosa lililoonekana, na sokoni mara nyingi hupoteza nusu ya bei au zaidi.

Kitu kimoja kinaruhusiwa. Ute wa kijani unaonata hutokana na mifuko laini ya plastiki ambayo hutoa kemikali taratibu, na ukiachwa hula metali. Utoe kwa asetoni safi, si ile ya kufutia rangi ya kucha yenye manukato na mafuta. Weka sarafu kwenye chombo cha kioo, mimina asetoni iifunike, acha dakika chache, ihamishe kwenye asetoni mpya, kisha iinamishe ikauke yenyewe. Usiisugue wala kuifuta. Fanya penye hewa na mbali na moto, maana asetoni hushika moto upesi. Kutu ya kijani iliyokwisha kula shaba haitoki kwa njia hii, na ukiichokonoa utaacha shimo.

Uhalisi ndio wa kwanza kabisa, na vifaa vyake havina gharama kubwa: mizani inayosoma gramu 0.01, kipimo cha unene na kipenyo, sumaku yenye nguvu na lenzi. Dola ya Morgan halisi ina kipenyo cha milimita 38.1 na asilimia 90 ya fedha. Nyingi za bandia hukosea uzito kwa zaidi ya nusu gramu, lakini zile nzuri hupita mizani, kwa hiyo pima na msongamano. Weka glasi ya maji kwenye mizani, irudishe sifuri, ifunge sarafu kwa uzi mwembamba na uitumbukize izame bila kugusa chini wala pembeni. Mizani itasoma uzito wa maji yaliyosukumwa. Gawanya uzito wa sarafu kwa namba hiyo. Gramu 26.73 kwa takribani 2.59 inatoa 10.3, ambao ndio msongamano wa mchanganyiko huo wa fedha na shaba. Ukipata 9 au chini yake, achana nayo. Mapovu yaliyoganda kwenye sarafu hupotosha jibu, kwa hiyo itikise kidogo ndani ya maji kwanza. Kwa dhahabu safi kuna tahadhari: tangsteni ina msongamano wa 19.25 dhidi ya 19.32 wa dhahabu, na kwa mizani ya nyumbani hutaona tofauti hiyo.

Senti ya Marekani ya 1943 ni somo fupi kwa wanaokimbilia bei. Mwaka huo zilitengenezwa kwa chuma kilichopakwa zinki, na chache mno zilizogongwa kwenye vipande vya shaba kwa makosa zina thamani kubwa sana. Nyingi zinazoletwa sokoni ni za chuma zilizopakwa shaba baadaye. Zinanasa kwenye sumaku na zina uzito wa karibu gramu 2.7, wakati ya shaba ni 3.11. Nyingine ni za 1948 zilizochongwa namba 8 ikawa 3. Hizo hupita sumaku na mizani, na hapo ni lenzi tu. Hali ni hiyohiyo kwa herufi za kiwanda zilizobandikwa. Dola ya Morgan ya 1893 yenye S, ya kiwanda cha San Francisco, zilitengenezwa 100,000 tu, kwa hiyo yapo majaribio mengi ya kubandika S kwenye sarafu ya mwaka huo isiyo na herufi. Tazama mpaka kati ya herufi na uwanda, kama kuna mstari wa gundi au rangi isiyolingana. Na usidhani kasha linamaliza kazi, kwa kuwa makasha nayo hughushiwa. Chukua namba ya cheti, ifungue kwenye tovuti ya kampuni, ulinganishe picha na sarafu iliyo mbele yako, alama kwa alama. Namba kuwepo pekee haitoshi, maana wanaoghushi hunakili namba za kweli.

Tukija kwenye bei, anza na sakafu yake. Gramu 26.73 mara 0.900 ni gramu 24.06 za fedha halisi; gawanya kwa 31.1035 upate aunsi 0.7734, zidisha kwa bei ya fedha ya siku hiyo. Chini ya hapo hakuna anayetakiwa kuuza. Juu ya hapo ndipo uadimu unapoanza, na idadi iliyotengenezwa ni kipimo kibovu cha uadimu. Dola ya 1884 yenye S zilitengenezwa zaidi ya milioni 3, na iliyotumika hupatikana bila shida; lakini zilitoka kwenda kutumiwa, hazikulala mifukoni, hivyo isiyotumika ni kati ya ghali kabisa katika aina yake. Kinyume chake ni 1903 yenye O, ambayo kwa miaka mingi ilihesabiwa kuwa adimu kupindukia, hadi mwaka 1962 hazina ya Marekani ilipofungua mifuko iliyokuwa imelala ikazitoa kwa wingi. Bei ikaporomoka. Swali la msingi basi ni zimebaki ngapi katika gredi hii, na ziko wapi.

Takwimu za kampuni za gredi, za idadi ya sarafu zilizopewa kila gredi, husaidia kujibu, ila zisome kwa jicho la mashaka. Mtu mwenye sarafu iliyokaribia 65 huivunja kwenye kasha na kuituma tena, mara tatu, mara tano, mpaka ipande. Lebo za zamani zisiporudishwa, sarafu moja inahesabiwa kama tano. Kwa hiyo idadi ya 64 hutiwa chumvi hasa pale ambapo ukuta wa bei ni mrefu. Kwa sarafu za kisasa kosa ni la upande wa pili: idadi ndogo inamaanisha wachache wamejisumbua kuzituma, wala si kwamba hazipo.

Kuna kuta nyingine zisizo na namba. Dimu ya Mercury (sarafu ya senti kumi ya Marekani) ya 1945 isiyo na herufi ya kiwanda ni ya kawaida kabisa, ila ile ambayo mikanda ya katikati ya fimbo zilizofungwa upande wa nyuma imetengana wazi huuzwa kwa bei ya juu mara nyingi zaidi. Mstari mmoja, mwembamba kuliko unywele. Sisi hatuoni kwa nini mkusanyaji wa kawaida aulipie, ingawa tunaelewa kwa nini muuzaji anautafuta. Afadhali AU58: ni sarafu iliyoguswa kidogo sana, ambayo kabla ya hapo mara nyingi ilikuwa 63 au 64, na kwa macho humpita mbali MS60 au 61 aliyejaa makovu. Kwa sarafu za miaka isiyo ya kawaida, mara nyingi huuzwa chini yao.

Jambo linalowakwaza wauzaji wapya ni matokeo ya mnada. Sarafu imeandikwa iliuzwa kwa dola 1,200. Mwenye kama hiyo anaamini ana dola 1,200. Kama ada ya mnunuzi ni asilimia 20, nyundo iligongwa kwenye 1,000. Kama kamisheni ya muuzaji ni asilimia 10, aliyeileta alipokea 900. Dola 300 zimebaki katikati, na aliyeinunua leo anahitaji bei ya soko ipande kwa theluthi moja ndipo akiuza kwa njia ileile arudishe pesa yake. Nunua ukijua hilo. Matokeo yenyewe chukua matano au sita ya miezi ya karibuni, tupa la juu kabisa na la chini kabisa, na usome picha za yaliyobaki. Vitabu vya bei huandika bei ya dukani, ambayo ni nadra mtu kukulipa wewe.

Hesabu ya kutuma sarafu ipewe gredi nayo wengi hawaifanyi. Tuseme una sarafu ambayo bila kasha inauzika kwa 90, na ada, posta na bima vinafika 60. Kwa jicho la haki unaipa nafasi 50 kwa 100 ya kuwa 63, inayouzwa 100. Nafasi 40 ya kuwa 64, inayouzwa 130. Na nafasi 10 ya kuwa 65, inayouzwa 300. Wastani ni 50 na 52 na 30, jumla 132. Toa 60, unabaki na 72. Umetupa 18 kwa ndoto ya 65. Hesabu hiyo hubadilika tu pale ukuta unapokuwa mrefu vya kutosha, au sarafu ni ya aina inayoghushiwa sana kiasi kwamba bila kasha haiuziki.

Soko lenyewe limekiri kwamba namba moja inaficha mambo mengi. Tangu 2007 CAC, kampuni nyingine ya ukaguzi, hukagua sarafu zilizokwisha fungwa na kubandika stika ya kijani kwa zile imara ndani ya gredi yake, na ya dhahabu kwa zilizopewa chini ya zinavyostahili. Tangu 2010 kampuni kubwa zikaongeza alama ya kujumlisha kwa zilizo juu kabisa ya namba yao. Ngazi imeongezewa vidato, na kila kidato kina bei yake. Ukikutana na 64 yenye kujumlisha na stika ya kijani, kabla hujatoa dau tafuta 65 tupu za mwaka huohuo ziliuzwaje karibuni. Kama 64 hiyo inaombwa zaidi ya robo tatu ya bei ya 65, faida ya kukaa chini ya ukuta imekwisha chukuliwa na muuzaji, mwachie.